Maswali ya Wasomaji: Sanamu Inayowajibu Wanaoitazama

Barua nyingi za toleo hili zinahusu sanamu za animatroniki, zile zenye mota ndani, zinazogeuka, kupepesa macho au kurudi nyuma kufuatana na anachofanya mtu aliye mbele yake. Tumezifupisha na kuziunganisha zinazofanana.

Swali: Nimechonga kichwa cha ndege mkubwa kwa sponji juu ya fremu ya alumini. Nina sevo (mota ndogo zinazogeuka hadi pembe zinayoamriwa) sita tu. Nianze, au nisubiri nipate mota zaidi? (Mchongaji)

Anza. Sita zinatosha, na tungekushauri usiongeze hata ukizipata. Macho ya ndege wengi hayazunguki sana ndani ya kichwa. Ndege akitaka kukutazama hugeuza kichwa kizima na kukuelekezea jicho moja. Kwa hiyo usipoteze mota kwenye mboni. Tatu zipe shingo: ya kugeuka kushoto na kulia, ya kuinamisha na kuinua, na ya kulaza kichwa upande. Hiyo ya tatu ndiyo watu huiacha, na ndiyo itakayomfanya mtazamaji asimame. Zilizobaki zigawe: kope, mdomo, na kifua cha kupumua.

Kabla ya kununua, pima. Weka kichwa kilichokamilika, pamoja na ngozi na manyoya yake, kwenye mizani. Kisha kisawazishe juu ya ukingo wa rula upate kitovu chake cha uzito, na upime umbali wa kitovu hicho hadi egemeo la shingo. Kichwa cha kilo 0.8 chenye kitovu sentimita 6 mbele ya egemeo kinadai nguvu ya kuzungusha ya 0.8 × 6, yaani kilo-sentimita 4.8, ili tu kisianguke. Nguvu iliyoandikwa kwenye sevo ni ile inayotoa inapokwama, si inayoweza kuishi nayo mchana kutwa. Chagua yenye mara tatu ya hesabu yako. Hapa ni kama 15. MG996R, ambayo wengi huianzia, hutoa takriban 9.4 kwa volti 4.8 na 11 kwa volti 6, kwa hiyo peke yake haitoshi.

Hata hivyo, kununua mota kubwa si suluhisho la kwanza. Suluhisho la kwanza ni kuuondoa mzigo: funga springi ya kuvuta nyuma ya egemeo, au uzito wa risasi, mpaka kichwa kielee. Jaribio lake ni rahisi. Zima umeme, kiinamishe kwa mkono hadi nusu, kiachie. Kikibaki pale ulipokiacha, mota zako zitadumu. Uzito wenyewe ubebwe na beringi mbili kwenye egemeo. Ekseli ya sevo kazi yake ni kuzungusha tu. Ukiining'inizia kichwa, gia za mwisho zitaanza kulegea na kichwa kitachezacheza kila kinaposimama.

Swali: Mota zangu nane zikijaribiwa moja moja zinakwenda vizuri. Zikienda pamoja zinatetemeka na bodi ya Arduino, ile ya kielektroniki inayoziongoza, inajiwasha upya. Je, ni programu? (Mwanafunzi wa sanaa)

Karibu kila mara si programu, ni umeme. Sevo ya ukubwa wa MG996R ikikwama hula hadi ampea 2.5 hivi kwa volti 6, na sekunde ile inapoanza kusukuma mzigo hukaribia hapo. Nane zikianza kwa pamoja zinaweza kudai ampea 20 kwa muda mfupi mno. Volti inashuka, bodi inazimika, inajiwasha, inaziamuru mota zirudi mwanzo, zinadai tena, na mzunguko unaendelea hivyo.

Mota zipe chanzo chao cha umeme, volti 6 na ampea 15 hadi 20, na bodi ipewe chake. Usivute umeme wa mota kwenye pini ya volti 5 ya bodi, hata kwa majaribio. Kisha unganisha waya hasi wa vyanzo vyote viwili. Hili husahaulika sana: bila hasi ya pamoja, ishara haina kipimo cha kuanzia na sevo zitatikisika hata kama umeme ni mwingi. Karibu na bodi inayogawa ishara, funga kapasita ya mikrofaradi 1000 yenye uwezo wa volti 16. Angalia mstari wa alama ya hasi ubavuni mwake, maana ikigeuzwa inaweza kupasuka.

Waya nazo. Kutoka kwenye chanzo tumia waya wa milimita 2.5 za mraba, mfupi kadiri inavyowezekana, hadi kwenye kituo kimoja cha kugawia. Kutoka hapo kila sevo mbili zipate tawi lao lenye fyuzi ya ampea 5. Ukizipanga kwa kurukia, moja ikilisha ya pili na ya pili ya tatu, ya mwisho hupata makombo. Bodi ya majaribio yenye matundu isibebe umeme wa mota kabisa, kwani vijisahani vyake vya ndani havikutengenezwa kwa ampea nyingi. Ukishamaliza, pima volti kwenye plagi ya sevo iliyo mbali zaidi wakati sanamu inatembea. Kupima kwenye chanzo hakutakuambia kitu. Ukiona 6.0 imeshuka chini ya 5.5, una waya mwembamba au kiungio kilicholegea.

Katika programu, zianzishe mota kwa kupishana milisekunde 30 hadi 50. Mtazamaji hataona, ila chanzo chako kitapumua.

Sevo moja ikitetemeka peke yake huku nyingine zimetulia, hiyo ni habari nyingine. Iguse: ikiwa ya moto na inavuma, inasukuma dhidi ya kizuizi, yaani umeiamuru iende mahali ambapo fremu haiiruhusu. Sevo za kawaida husoma mpigo wa mikrosekunde 1000 hadi 2000 unaorudiwa kila milisekunde 20. Sogeza polepole mpaka iguse kizuizi, rudisha mikrosekunde 50, na namba hiyo iwe mpaka wake katika programu, usiovukwa na amri yoyote. Ikiwa baridi lakini inatetemeka mahali palepale kila ikipita, kipimo chake cha ndani kimelika. Ibadilishe.

Swali: Nilifunga sensa ya mwendo kama zile za taa za usalama. Mtu akija sanamu inamgeukia, akisimama kuitazama inalala. Kosa liko wapi? (Mwalimu wa ufundi)

Sensa imefanya kazi yake. Aina hiyo huhisi mabadiliko ya joto yanayopita mbele ya lenzi yake. Mtu aliyetulia hana mabadiliko, kwa hiyo kwake hayupo. Bahati mbaya mtazamaji mzuri ndiye anayesimama kimya. Isitupwe: iachie kazi ya kuiamsha sanamu tu. HC-SR501, sensa ya aina hiyo, huona hadi mita 7 hivi, na huhitaji karibu dakika nzima ya kuzoea baada ya kuwashwa kabla hujaiamini.

Kujua umbali, ipo sensa ya mawimbi ya sauti, HC-SR04, inayopima kutoka sentimita 2 hadi mita 4. Ni rahisi na hufanya kazi gizani, ila nguo nzito za sufu hunywa mwangwi wake na mtu akatoweka ghafla. Ukiweka mbili, zipige kwa zamu zikiachana milisekunde 60, la sivyo moja itasikia mwangwi wa mwenzake. Chukua vipimo vitano na utumie kile cha katikati baada ya kuvipanga kwa ukubwa. Usitumie wastani: kipimo kimoja cha uongo cha mita 4 huuharibu wastani, lakini cha katikati hakiguswi. Sensa ya leza kama VL53L1X ni sahihi zaidi na hufika mita 4 penye mwanga hafifu. Jua kali huipunguzia sana.

Kama sanamu inatakiwa kumtazama mtu usoni, hapo unahitaji kamera na kompyuta ndogo kama Raspberry Pi yenye programu ya kutambua nyuso. Picha ya 320 kwa 240, mara 10 kwa sekunde, inatosha. Matatizo yatatoka kwenye mwanga: dirisha likiwa nyuma ya watazamaji, nyuso zao zinakuwa vivuli na kamera haioni mtu. Geuza sanamu, au ongeza taa upande wake.

Na kamera ifungwe kwenye kitako, si kichwani. Hili tunalisisitiza kwa sababu kila anayeanza huiweka kwenye jicho. Kichwa kikigeuka, picha yote inahama, programu inadhani mtu amehama, inageuza tena, na sanamu inabaki ikimwinda mtu aliyesimama tuli, ikiyumba kulia na kushoto. Kamera iliyotulia kwenye kitako inakupa pembe moja isiyobadilika: ukingo wa kushoto wa picha ni digrii fulani, wa kulia ni digrii fulani, na shingo inafuata.

Jambo la mwisho hapa: usiweke mpaka mmoja wa umbali. Mtu aingie akifika mita 1.8, lakini ahesabiwe ametoka akipita mita 2.2. Mpaka ukiwa mmoja, anayesimama juu yake ataiona sanamu ikiamka na kulala bila kukoma.

Swali: Kila kitu kinafanya kazi, lakini watu wanasema inasogea kama geti la umeme. Tuongeze mota? (Kikundi cha wasanii watatu)

Msiongeze hata moja. Mfano mzuri upo tangu mwaka 1970. Edward Ihnatowicz, mchongaji mzaliwa wa Poland aliyefanya kazi Uingereza, aliitengenezea kampuni ya Philips sanamu iliyoitwa The Senster, ikawekwa katika jengo la maonyesho la Evoluon mjini Eindhoven, Uholanzi. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 4, ikiendeshwa kwa haidroliki na kuongozwa na kompyuta, na viungo vyake vilikuwa sita tu, vilivyobuniwa kwa kufuata gando la kambakoche. Haikuwa na uso, wala ngozi. Ilikuwa mabomba ya chuma matupu. Kichwani ilibeba maikrofoni na rada. Kanuni zake zilikuwa chache: sauti ya wastani iliivuta kwa msemaji, kelele na mikono inayopungwa kwa nguvu viliifanya irudi nyuma. Watu walizungumza nayo kama na mnyama. Miaka miwili kabla, sanamu yake ndogo iitwayo SAM, iliyoonyeshwa London mwaka 1968, ilifanya hivyohivyo kwa sauti peke yake. Uhai ulikuwa katika namna ya kujibu, na namna ya kujibu ni suala la muda.

Anzeni na mwendo wenyewe. Geti huanza ghafla, huenda kasi moja, husimama ghafla. Kila milisekunde 20, badala ya kuipeleka sevo moja kwa moja mahali pa mwisho, isogezeni asilimia 8 ya umbali uliobaki. Hiyo inalainisha kusimama, lakini kuanza bado ni kwa kishindo. Pitisheni matokeo katika hesabu hiyohiyo mara ya pili na kuanza nako kutalainika. Kugeuka kwa shingo kuchukue kati ya sekunde 0.6 na 0.8.

Halafu mpangilio. Kwa sanamu yenye macho yanayozunguka, macho yatangulie, kwa kasi, ndani ya sekunde 0.1. Shingo ifuate baada ya sekunde 0.15 hadi 0.2. Shingo inapofika, macho yarudi katikati taratibu. Kope zifumbe mara moja katikati ya mgeuko mkubwa. Jaribuni mgeuko mmoja hivi mkiitazama kwa karibu: mboni zinaruka, kichwa bado kiko pale, kisha kinazifuata kama kilichovutwa nazo. Hapo ndipo mtazamaji husema "imeniona".

Kati ya tukio na jibu wekeni robo sekunde. Bila kuchelewa kabisa, sanamu huonekana kama swichi ya taa. Ikichelewa zaidi ya sekunde moja, mtu hahusishi tena alichofanya na kinachotokea, na anaondoka akidhani imeharibika.

Utulivu pia upangwe. Kupumua mara 12 kwa dakika ikiwa shwari, 20 ikishtuka. Kufumba macho kwa vipindi visivyolingana, kati ya sekunde 2 na 8, kope zikifunga kwa 0.1 na kufungua kwa 0.2. Kichwa kihame digrii moja au mbili kila baada ya muda. Msitumie bahati nasibu kurusha kichwa huku na huko. Mtu aliye mbele ataona haijali alipo, na hilo ni baya kuliko kusimama tuli.

Ongezeni hesabu moja ya hamu, kutoka 0 hadi 100. Mtu mpya au mwendo mpya unaipandisha, muda unaishusha, na kichocheo kilekile kikirudiwa kinaongeza nusu ya kilivyoongeza awali. Anayepunga mkono mara kumi ataiona sanamu ikimchoka na kugeukia kwingine. Hamu ikiwa chini, punguzeni kasi ya viungo vyote kwa theluthi.

Kundi likifika ni mtihani. Kosa kubwa ni kuipa sanamu wastani wa nafasi za watu wawili: itatazama pengo lililo kati yao na wote wawili watajiona wamepuuzwa. Ichague mmoja. Ikae naye sekunde 3 angalau, na imwache tu ikiwa mwingine amesogea karibu kuliko yeye kwa nusu mita, au hamu kwa wa kwanza imeisha.

Swali: Sanamu yangu ya kusikiliza inashtuka yenyewe. (Fundi wa sauti)

Inajisikia. Kelele za gia husafiri zaidi kwenye fremu kuliko hewani, kwa hiyo ondoa maikrofoni kwenye fremu, iweke kwenye kitako juu ya sponji laini. Kisha ipuuze wakati wote mota zinapotembea na sekunde 0.3 baada ya kusimama. Kizingiti cha sauti kisiwe namba ya kudumu. Kilinganishe na wastani wa kelele za chumba wa sekunde 30 zilizopita, vinginevyo kinachofaa asubuhi hakitafaa ukumbi ukijaa.

Ukitaka ijue sauti imetoka wapi, maikrofoni mbili zinazoachana sentimita 20 zinatosha kwa kushoto na kulia. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo tofauti kubwa kabisa ya kufika ni milisekunde 0.58 hivi. Ukisoma mara 16,000 kwa sekunde unapata hatua tisa kila upande, na kwa shingo ya sanamu hiyo ni nyingi.

Swali: Ngozi ya silikoni inachanika kila mara kwenye pembe za mdomo. (Mtengeneza vinyago)

Nguvu yote ya fito, ule ufito unaounganisha mota na ngozi, inavuta nukta moja. Unapomimina ngozi, zamisha kipande cha kitambaa cha wavu cha upana wa sentimita 2 mahali fito itakapofungwa, na mvuto utasambaa. Pembe ya mdomo iwe ya mviringo. Mkato mkali ndio mwanzo wa mpasuko. Unene wa milimita 2 hadi 3 katika sehemu zinazokunjika, silikoni laini ya daraja la 00-30 (kipimo cha ugumu cha Shore), na unga wa talki pale ngozi inaposuguana na fuvu. Gundi za kawaida hazishiki silikoni. Tumia gundi ya silikoni.

Wengine wawili wameuliza mbona silikoni yao imebaki inanata siku nzima baada ya kumimina. Kama ni ya platinamu, yaani inayogandishwa kwa platinamu, salfa iliyo kwenye baadhi ya udongo wa kufinyangia, au mpira wa lateksi, huizuia kukauka. Jaribu tone dogo juu ya modeli kabla ya kumimina yote.

Swali: Maonyesho yetu yatakuwa ya miezi mitatu, na watoto watakuja. Tujiandae vipi? (Msimamizi wa ukumbi)

Kitufe chekundu cha dharura kikate umeme wa mota tu, programu ibaki hai ijue kilichotokea. Kama kichwa hakijasawazishwa kwa springi, kitaanguka kitufe kikibonyezwa, kwa hiyo rudini kwenye jibu letu la kwanza. Mapengo yanayofunguka na kufunga yasishuke chini ya milimita 25 mahali ambapo kidole kinaweza kufika, yasipowezekana, yafunikeni. Uzio uwe mbali kuliko mkono wa sanamu ukinyooka pamoja na mkono wa mtu mzima akiinama.

Wakati wa kuwasha, sevo huruka kwenda mahali zinapoamriwa bila kujali kasi mliyopanga, kwa kuwa programu haijui zilikuwa wapi. Washeni bodi kwanza, itume amri ya mkao uleule wa kupumzika, kisha rilei, swichi inayoendeshwa na bodi, iziwashie mota sekunde 2 baadaye. Na kila kuzimwa kuanze kwa kuirudisha sanamu kwenye mkao huo. Mtu asipokuwepo kwa dakika 2, ilale na mota zikatiwe ishara. Joto ndilo linaloziua.

Kila asubuhi pitisheni kila kiungo mwanzo hadi mwisho kabla ya kufungua mlango, na baada ya saa moja ya kazi gusa kila mota kwa mkono. Ile yenye joto kuliko pacha wake ina tatizo ambalo bado halionekani. Wekeni akiba sevo moja ya kila aina, tayari imewekwa katikati na mkono wake umeshafungwa, ili kubadilisha kuchukue dakika kumi.

Kitakachowasumbua zaidi ni waya zinazovuka shingo. Tumieni waya zenye nyuzi nyingi nyembamba na ganda la silikoni, zipitishwe kwa kitanzi kikubwa, zikazwe pande zote mbili ili zisijikunje mahali pamoja. Ukiona jicho linafanya kazi kichwa kikitazama kulia na kuzima kikitazama kushoto, usipoteze muda kwenye programu: nyuzi zimekatika ndani ya ganda, na kwa nje waya utaonekana mzima. Uvute taratibu kati ya vidole viwili. Mahali unapojinyoosha kwa urahisi kuliko pengine ndipo pa kukata na kuunga.